Kuwahi Maziko: Mwendo wa Gari Usiku na Haki ya Njia

Simu ya msiba haichagui saa. Yetu ililia Nairobi baada ya sala ya Isha, na aliyekuwa upande wa pili hakuhitaji maneno mengi: shangazi amefariki, maziko ni kesho baada ya Adhuhuri, Mombasa. Ilipofika saa tano usiku tulikuwa tumekwisha kuingia garini. Kaka yangu alishika usukani, binamu yetu akakaa kando yake, na nyuma tukakaa mimi, wifi yangu, na mwanawe wa miaka miwili ambaye mama yake alimpakata, amelala.

Wasomaji wa kike watafahamu haraka kilichokuwa kikitusumbua. Kwa desturi yetu wanawake hatuendi makaburini. Kwaheri yetu na maiti hufanyika nyumbani, kabla jeneza halijatoka mlangoni: kumwosha, kumkafini, kumtazama uso mara ya mwisho, kumwombea msamaha. Mwanamume akichelewa nyumbani huweza kuunga msikitini, na akichelewa msikitini huweza kuunga makaburini. Mwanamke akichelewa nyumbani amekosa. Basi kila baada ya muda mmoja wetu aliuliza, "Tutamkuta kweli?" Kaka hakujibu kwa mdomo. Alijibu kwa mguu wa kulia.

Tulipita Emali, Makindu, Kibwezi, Mtito Andei. Tulipita Voi bila kusimama. Yapata saa tisa usiku, baada ya Maungu, tulikuta trela mbili zimefuatana, zikivuta pole pole kama zifanyavyo zilizobeba mizigo. Kaka akachungulia upande wa kulia, akaona taa mbali sana, akatoka. Alipokuwa ubavuni mwa trela ya kwanza zile taa hazikuwa mbali tena. Lilikuwa basi. Nafasi baina ya trela mbili ilikuwa ndogo, na sisi tukajitia humo kwa sababu dereva wa trela ya nyuma alifunga breki akatupisha. Sikumjua mtu yule wala sitamjua. Basi lilipita likipiga honi ndefu, gari letu likatikisika kwa upepo wake, na mtoto akaamka akalia. Sisi wengine hatukusema neno mpaka Mackinnon Road.

Pale, kwenye msikiti uliopo kando ya kaburi la Seyyid Baghali, wasafiri wengi wa pwani huwa na mazoea ya kusimama. Kaka alizima gari, akakaa kimya na mikono yake bado juu ya usukani. Tukangoja Alfajiri, tukasali, tukaondoka kwa mwendo wa mtu aliyeona kitu. Tulifika nyumbani kwa marehemu saa moja asubuhi. Shangazi aliingizwa chumba cha kuoshea saa tatu.

Tulikuwa na saa mbili za ziada, na hizo ni baada ya kusimama zaidi ya saa nzima pale msikitini. Jambo hili limenikaa moyoni. Hatukuwa tukishindana na saa, kwani saa ilikuwa upande wetu tangu tulipotoka Nairobi. Ilikuwa ni huzuni iliyokuwa ikiendesha gari.

Baadaye nilichukua karatasi nikapiga hesabu, nami naileta hapa kwa sababu naamini wengi wetu hatujawahi kuifanya. Trela inakwenda kilomita 60 kwa saa, na wewe unakwenda 80. Unaipita kwa tofauti ya kilomita 20 tu, yaani chini kidogo ya mita 6 kwa kila sekunde. Urefu wa trela ni karibu mita 18; ongeza nafasi ya kutoka nyuma yake, nafasi ya kurudi mbele yake bila kumkata, na urefu wa gari lako. Jumla ni zaidi ya mita 60. Utahitaji sekunde 11 hivi. Ndani ya sekunde hizo wewe mwenyewe utakuwa umekwenda mita 240 na ushei, na gari linalokuja mbele yako kwa kilomita 100 litakuwa limekwenda mita 300. Maana yake ni kwamba, wakati unatoka, barabara iliyo mbele yako inatakiwa iwe tupu kwa zaidi ya nusu kilomita. Hiyo ni trela moja. Sisi tulitoka kuzipita mbili, usiku, kwa kutazama taa ambazo hakuna jicho la mwanadamu linaloweza kupima umbali wake sawasawa gizani.

Na kuna hesabu ya kusimama. Dereva aliye macho huchukua kiasi cha sekunde moja na nusu baina ya kuona hatari na kukanyaga breki. Kwa kilomita 100 kwa saa, gari limekwisha kwenda mita 42 kabla breki haijaguswa, kisha litahitaji mita 55 nyingine, barabara ikiwa kavu na tairi zikiwa nzima. Karibu mita 100 kwa jumla. Kwa kilomita 120 zinakaribia 130. Taa za gari zilizoinamishwa ili zisimuumize macho anayekuja humulika kiasi cha mita 50. Kwa hiyo anayekimbiza gari usiku kwenye barabara ile anakwenda ndani ya sehemu ambayo hajaiona bado, na kwenye sehemu hiyo huenda mna lori lililoharibika bila taa, punda wa Taru, au tembo wa Tsavo anayevuka.

Faida ya yote hayo ni nini? Kutoka Mtito Andei hadi Mombasa ni kiasi cha kilomita 240. Tuseme barabara ni nyeupe kabisa, jambo lisilotokea: mwenye kwenda 100 atatumia saa mbili na dakika 24, na mwenye kwenda 120 atatumia saa mbili kamili. Dakika 24. Katika nyumba ya msiba dakika hizo humalizika mtu akitafuta pa kuegesha gari na kuamkiana na watu wa barazani.

Sheria ya Kenya haikuacha jambo hili kwa hiari ya mtu. Gari dogo halipasi kuzidi kilomita 100 kwa saa katika barabara kuu ya kawaida, au 110 pale ambapo njia za kwenda na kurudi zimetenganishwa. Matatu, mabasi na malori ni 80. Na ndani ya miji na vituo vya biashara ni 50 kwa wote. Ni 50 hii ya mwisho ndiyo tunayoidharau kuliko zote. Mazeras, Mariakani, Samburu, Mtwapa, Kikambala, zote zina watu wanaovuka kwenda dukani, msikitini na madrasa, na barabara imepita katikati yao. Kila mwaka Kenya hupoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani, na kundi kubwa kuliko yote ni la wanaokwenda kwa miguu. Hao hawakuwa wakikimbilia popote.

Nirudi kwenye adabu ya njia, maana si kasi peke yake. Sisi huendesha upande wa kushoto. Pale barabara ilipopanuliwa, kama kutoka Changamwe kuelekea Jomvu, au pale kwenye mlima palipoongezwa njia ya malori mazito, njia ya kulia ni ya kupitia wengine, kisha mtu hurudi kushoto. Walakini wako wanaoingia njia ya kulia kama waingiao chumbani mwao, wakatulia humo kwa kilomita 60, simu sikioni, na nyuma yao pakawa na msururu wa watu wanaotafuta upenyo wa kuwapita kushoto. Na wako wa aina ya pili, wanaomjia mtu nyuma mpaka nambari ya gari lake haionekani tena kwenye kioo, wakamwashia taa kali kana kwamba barabara ni urithi wao. Nafasi ya sekunde mbili baina ya gari na gari, na nne mvua inyeshapo, ndiyo kiasi kinachofundishwa. Mwenye kuondoa nafasi hiyo amemnyima mwenzake muda wa kukosea na kujirekebisha.

Liko pia suala la ishara za madereva wa malori. Kwa mazoea, lori likiwasha taa ya kulia linamwambia aliye nyuma, "Usipite," na likiwasha ya kushoto linamwambia, "Pita." Ni ukarimu wa watu wanaoijua njia, na mara nyingi huokoa. Lakini taa hiyo hiyo ya kushoto ndiyo ya mtu anayetaka kusimama kando, na ile ya kulia ndiyo ya anayetaka kukata kona. Mwenye kutegemea taa ya mtu mwingine ameyakodisha macho yake. Afadhali angoje aone mwenyewe.

Siku moja nilisoma tena hadithi mashuhuri ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kuhusu haki za njia, ambamo miongoni mwa alizozitaja ni kujizuia na kuwadhuru watu. Na kuondoa udhia njiani amekuhesabu kuwa ni tawi la imani. Tumezoea kuyasoma haya tukifikiria mwiba na ganda la ndizi. Ila katika barabara zetu udhia una sura nyingine: dereva anayeharibikiwa huvunja matawi ya miti na kupanga mawe nyuma ya gari kuwa alama, ingawa sheria inamtaka awe na pembetatu zinazong'aa, kisha akishatengeneza huondoka na kuyaacha mawe palepale. Usiku wa pili anakuja mwenye pikipiki. Sijui kama yupo mhubiri aliyelitolea hotuba jiwe hilo, lakini linastahili hotuba nzima ya Ijumaa.

Yupo atakayesema: ajali haina kinga. Neno hili limetuzoea mno. Lugha yetu yenyewe imetutegea mtego, kwa kuwa "ajali" tumelipokea kutoka Kiarabu, na huko ajal ni muda aliowekewa mja, siku yake ya kufa. Waarabu kugongana kwa magari hawakuiti hivyo. Sisi tumelichukua neno la kadari tukalibandika juu ya tairi lililokwisha, usingizi wa dereva na kilomita 140 kwa saa, na baada ya hapo hakuna anayeulizwa. Kwamba kila nafsi ina siku yake ni itikadi yetu na hatuna shaka nayo. Lakini wanavyuoni hawakuifanya itikadi hiyo kuwa pazia la uzembe. Mnamo Juni 1993, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Bandar Seri Begawan, Brunei, lilijadili ajali za magari na kuamua kwamba kufuata kanuni za barabarani zisizopingana na sharia ni wajibu kisharia. Likaamua pia kwamba dereva anabeba dhamana ya madhara anayowafanyia wengine katika miili na mali zao, isipokuwa katika hali chache, kama vile jambo lisilozuilika kabisa, au kosa likiwa ni la aliyedhurika mwenyewe au la mtu wa tatu.

Na dhamana hiyo haiishi polisi wala kwenye bima. Aliyemuua Muumini kwa bahati mbaya, Suratu An-Nisaa, katika aya ya 92, imemwekea diya kwa warithi ila wakisamehe, na imemwekea kafara: kuacha huru mtumwa, na asiyepata, kufunga miezi miwili mfululizo. Katika madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu pwani, kauli yenye nguvu ni kwamba hapana kulisha maskini badala ya saumu hiyo. Miezi miwili bila kukatiza siku moja. Akila siku ya hamsini bila ya udhuru wa kisharia, ataanza upya. Mwanamke, kwa kuwa sasa wengi wetu tunaendesha, siku zake za hedhi hazimkatizii mfululizo, huendelea pale alipoachia. Warithi wakisamehe, husamehe diya. Kafara hawana uwezo wa kuisamehe, kwani ni haki ya Mwenyezi Mungu. Nani ana hatia na kwa kiasi gani ni kazi ya Kadhi na masheikh kulipima tukio moja moja. Ila ningependa vijana wetu walijue hili kabla hawajapewa funguo, na walijue vizuri kama wanavyojua bei ya tairi.

Mwanamke aliyekaa nyuma ana nafasi yake katika mambo haya, nami nasema kwa kujilaumu. Usiku ule tulikuwa wanawake wawili, wote tuliogopa, na wote tuliendelea kuuliza kama tutawahi. Hakuna aliyesema, "Kaka, punguza mwendo, mimi naogopa." Tuliona haya. Tulidhani ni kumvunjia heshima mwenye usukani. Tangu siku hiyo nimejifunza kwamba dereva hasikii maneno tu, husikia na haraka iliyomo ndani yake. Ukimwambia "Twende pole pole, wala si lazima tuwahi," umempunguzia mzigo ambao huenda alikuwa akiubeba kwa ajili yako. Na katika matatu pia abiria ana haki ya kusema. Mmoja akisema hupuuzwa, wakisema wanne dereva hushusha mguu.

Na yule mtoto aliyepakatwa. Mikono ya mama tunaiamini kuliko kitu chochote, lakini gari likigonga kwa kilomita 50 kwa saa na kusimama ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 10 huvutwa mbele kwa nguvu ya uzito wa kilo 140. Hilo ni gunia la mahindi na nusu ya jingine. Hakuna mama awezaye kulizuia, na ikiwa mama mwenyewe hakujifunga, mwili wake ndio utakaomkandamiza mwanawe. Kiti cha mtoto chenye mikanda si anasa ya wenye uwezo; katika mitaa yetu wapo wanaoviuza vilivyokwisha kutumika, na jamaa wawili watatu wanaweza kuazimana. Mwenye mimba aupitishe mkanda wa chini juu ya nyonga, chini ya tumbo, na wa juu katikati ya kifua kando ya tumbo, asiuache eti unabana. Tangu kanuni za waziri John Michuki za mwaka 2004 matatu zote zinatakiwa ziwe na mikanda, ingawa sote tunaujua ule mkanda wa vumbi na mafuta unaotia doa buibui. Chukua leso kuukuu, itandike kifuani, jifunge juu yake.

Maadamu nimetaja buibui: wenye kuendesha tuangalie upindo usije ukanasa chini ya kanyagio, na wenye kupanda boda boda tuukusanye na kuukalia kabla pikipiki haijaondoka. Spoku za gurudumu hazimpi mtu nafasi ya pili.

Ruhusa za kisharia alizopewa msafiri nazo tunazisahau wakati tunapozihitaji. Msafiri wa masafa marefu amepewa kupunguza sala na kukusanya mbili kwa wakati mmoja. Hana sababu ya kukimbizana na jua ili adiriki Alasiri mjini. Mwezi wa Ramadhani, nusu saa ya kabla ya Magharibi huwa ni ya kutisha katika njia ya Malindi na ya Mombasa yenyewe, kila mtu akitaka kufuturu kwake. Tende tatu na chupa ya maji ndani ya gari zinatosha kuifanya adhana imkute mtu popote.

Na maziko? Kuharakisha maiti ni sunna, wala sisemi jeneza lisubiri siku mbili kwa ajili ya walioko mbali. Nasema walioko mbali wasisukumwe. Aliye Nairobi anaweza kumsalia maiti sala ya ghaibu hukohuko. Mwanamume aliyefika baada ya maziko anaweza kumsalia kaburini. Na mwanamke aliyekosa kuuona uso, dua yake inafika kutoka popote alipo, na kilio chake kitapata mabega ya kulilia hata akija siku ya tatu. Hayo wafiwa ndio wanaopaswa kuyatamka kwa simu, sauti ikisikika, kwa sababu aliye mbali hataki kuwa wa kwanza kusema kwamba hatawahi.

Mwaka jana jamaa yetu mwingine alifariki Mombasa, jioni kama ile. Ujumbe uliotumwa kwa jamaa wote ulitaja jina la marehemu, msikiti na saa ya maziko, na chini yake, kaka yangu ndiye aliyeuandika, palikuwa na mstari mwingine: "Mlioko Nairobi msitoke usiku huu. Tokeni baada ya Alfajiri. Mkitukuta tumekwisha kuzika, tutakwenda nanyi kaburini tena." Walifika wanne, saa tisa alasiri, jeneza limekwisha kutoka tangu Adhuhuri. Wanaume waliongozwa makaburini. Binti mmoja alikaa chumbani kwa marehemu, akapewa kahawa na mswala, na mama zake wakamzunguka wakimsimulia alivyooshwa, maji yalivyokuwa, na uso ulivyokuwa mtulivu.